Meza ya Maswali: Vitabu vya Wakristo wa Kwanza Vilitoka Wapi?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi kwamba nyaraka za Mtume Paulo ziliandikwa kabla ya Injili zote nne, ingawa katika Agano Jipya zimepangwa nyuma yake. Maelezo hayo yamezua maswali mengi kutoka kwa wasomaji wa Dodoma mjini na wilaya za jirani, Wakristo kwa Waislamu, na baadhi yao wameandika kwa uchungu mkubwa. Kwa hiyo safari hii meza nzima tumeiachia suala hilo. Barua zimefupishwa bila kugusa kiini cha hoja za waandishi wake. Ninajibu kama mtu aliyeulizwa habari za historia: jambo lilitokea lini, nani aliliandika, na nani mwingine alilijua. Swali la kama Yesu ni Mwana wa Mungu haliwezi kumalizwa na hati za kale, na kila msomaji ana viongozi wake wa dini wa kumsaidia katika hilo.

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kondoa. Katika mihadhara ya dini ninayohudhuria husemwa kwamba vitabu vya Agano Jipya vilichaguliwa kwa kura na maaskofu huko Nikea mwaka 325, kwa amri ya Kaisari Konstantino, na kwamba Injili ya Barnaba ilitupwa siku hiyo. Walimu wenzangu Wakristo hukana, lakini ukiwauliza ushahidi hunyamaza. Ukweli ni upi?

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nikea ni mji ulioko Uturuki ya leo, na ni kweli kwamba Konstantino ndiye aliyewaita maaskofu wakutane huko mwaka 325. Kilichowakutanisha hasa ni mafundisho ya Ario, padri wa Aleksandria nchini Misri, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwepo. Walijadili pia tarehe ya Pasaka, mgawanyiko uliokuwa ndani ya Kanisa la Misri, na nidhamu ya makasisi. Tunazo hadi leo kanuni 20 walizotoa, tamko lao la imani, na barua waliyoliandikia Kanisa la Aleksandria kueleza waliyoamua. Hakuna hata moja kati ya hati hizo iliyo na orodha ya vitabu vya Agano Jipya. Habari kwamba vitabu vilitengwa pale Nikea inaonekana katika maandishi ya Kigiriki ya karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baada ya mtaguso wenyewe, yaani mkutano huo wa maaskofu, na hata humo kura haitajwi: inasemwa kwamba vitabu vyote viliwekwa karibu na madhabahu, watu wakaomba, na vile vya kweli vikakutwa juu na vya uongo chini. Mwandishi Mfaransa Voltaire aliisambaza hadithi hiyo katika karne ya 18, na tangu hapo imeendelea kutembea.

Ushahidi ninaoupenda zaidi katika jambo hili, na ambao ningependa uwafikishie wenzako wa pande zote mbili, unatoka Afrika. Mwaka 303 Kaisari Diocletian alitoa amri kwamba makanisa yabomolewe na maandiko ya Wakristo yachomwe moto. Tarehe 19 Mei mwaka huohuo, katika mji wa Cirta, ambao leo unaitwa Constantine na uko Algeria, mkuu wa mji alikwenda na watu wake kulipekua kanisa, na karani akaandika kila kilichopatikana. Kumbukumbu hiyo ya serikali imetufikia kwa sababu ilitumiwa baadaye kama kielelezo mahakamani. Humo tunasoma vikombe viwili vya dhahabu, sita vya fedha, kisha kanzu 82 za kike, kanzu 16 za kiume, na jozi 47 za viatu vya wanawake. Kwa kadiri wanahistoria wanavyoielewa orodha hiyo, hizo zilikuwa nguo za kuwagawia maskini. Kabati la vitabu lilikutwa tupu. Shemasi mdogo mmoja akatoa kitabu kimoja kikubwa sana, na alipoulizwa vingine viko wapi, akasema viko kwa wasomaji, yaani wale waliokuwa na kazi ya kusoma maandiko mbele ya waumini. Walipotakiwa kuwataja wasomaji hao, mashemasi wadogo wawili walijibu kwamba wao si wasaliti, na kwamba ni afadhali wauawe. Hata hivyo wakapatikana watu wa kuonyesha njia, na msafara ukaenda nyumba kwa nyumba: kwa huyu vitabu vinne, kwa yule vitano, kwa mwingine vinane, na mke wa msomaji mmoja ambaye hakuwepo akatoa sita.

Sasa tuipime hoja ya Nikea kwa kumbukumbu hiyo. Haya yalitokea miaka 22 kabla ya mtaguso, Konstantino akiwa bado hana mamlaka yoyote juu ya Kanisa. Waumini wa mji ule walikwishajua ni vitabu gani vinavyosomwa kanisani mwao, vya kuficha, hata vya kufia. Nyuma zaidi, karibu mwaka 180, Askofu Ireneo wa Lyon alikwisha kuandika kwamba Injili ni nne, si zaidi wala si pungufu. Kwa upande mwingine, mipaka ya orodha nzima haikuwa imefungwa. Eusebio, askofu wa Kaisaria na mwanahistoria aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 4, anasema wazi kwamba Waraka wa Yakobo, wa Yuda, wa Pili wa Petro, na wa Pili na wa Tatu wa Yohana ilikuwa bado ikibishaniwa, na kuhusu Ufunuo mwenyewe anasitasita. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu vyote 27 na hakuna kingine imo katika barua ya Pasaka ya Askofu Atanasi wa Aleksandria ya mwaka 367, miaka 42 baada ya Nikea. Na ubishi juu ya vichache haukuisha hata hapo. Konstantino anaingia katika historia ya vitabu hivi kwa jambo moja ninalolijua: baada ya mtaguso alimwagiza Eusebio amtengenezee nakala 50 za maandiko kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya. Agizo la namna hiyo kutoka kwa mtawala lina uzito wake, na sikatai kwamba fedha za serikali zilisaidia mkusanyo mmoja wa vitabu kuenea. Lakini Injili nne zilikuwa zimekwisha kusomwa makanisani kwa karibu karne moja kabla hajazaliwa.

Kuhusu Injili ya Barnaba, ninakuomba uwe mwangalifu, Mwalimu, kwa faida ya hoja zako mwenyewe. Upo Waraka wa Barnaba, ambao ni wa kale kweli na umo katika moja ya nakala kubwa za Biblia za karne ya 4. Huo ni kitabu kingine kabisa. Ile Injili inayotajwa katika mihadhara inajulikana kutokana na nakala ya Kiitaliano iliyohifadhiwa Vienna, ya mwishoni mwa karne ya 16, na nyingine ya Kihispania. Ndani yake Yesu anapanda chombo kwenye Bahari ya Galilaya na kusafiri hadi Nazareti, mji ulioko vilimani, mbali na maji. Inataja pia mwaka wa yubile unaokuja kila baada ya miaka 100, ilhali Torati inasema miaka 50, na yubile ya miaka 100 iliwekwa na Papa Bonifasi VIII mwaka 1300. Tena kitabu hicho kinamfanya Yesu akane kuwa yeye ni Masihi, jambo ambalo Kurani yenyewe inalikataa, kwa kuwa inamwita Isa al-Masihi. Kitabu cha namna hiyo hakiwezi kuwa kilitupwa Nikea, na hakimsaidii Mwislamu zaidi ya kinavyomsaidia Mkristo.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Ninasoma mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dodoma. Rafiki yangu wa bwenini ametazama video nyingi mitandaoni na sasa anasema Yesu hakuwahi kuishi. Kwamba habari zake zimenakiliwa kutoka kwa miungu ya kale, Horus wa Misri na Mithra wa Warumi, na kwamba hakuna mwandishi hata mmoja wa wakati wake aliyemtaja. Mimi ni muumini lakini nilishindwa kumjibu, na jambo hili linaninyima amani.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kumkubalia rafiki yako pale alipo sahihi. Hakuna maandishi yaliyotufikia ya mtu aliyemwandika Yesu akiwa bado hai. Ila kipimo hicho ni kikali mno kwa fundi wa kijiji cha Galilaya. Pontio Pilato mwenyewe, gavana wa Kirumi aliyekuwa na askari na mamlaka ya kuua, anajulikana kwetu kwa sarafu zake, kwa kutajwa na waandishi wachache, na kwa jiwe moja lenye jina lake lililogunduliwa mwaka 1961 katika magofu ya ukumbi wa michezo ya kuigiza huko Kaisaria, likiwa limetumika tena kama ngazi. Kama gavana ameacha kiasi hicho, tusishangae kwamba mtu aliyemsulubisha hakuandikiwa lolote siku ile.

Tunachohitaji ni shahidi wa karibu, na huyo ni Paulo. Tunajuaje wakati wake? Kitabu cha Matendo kinasema kwamba alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na kwamba Wayahudi walimshtaki mbele ya liwali Galio. Huko Delphi, nchini Ugiriki, vilipatikana vipande vya jiwe lenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio huyo, na kutokana na vyeo vya kaisari vilivyomo, wataalamu wameweza kukisia kwamba alikuwa liwali karibu na mwaka 51 au 52. Hiyo ndiyo nguzo ambayo tarehe nyingi za maisha ya Paulo zimeegemea. Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, unaoaminika kuandikwa wakati huohuo wa Korintho, unakuwa basi wa karibu mwaka 50, takriban miaka 20 tu baada ya kusulubiwa.

Sasa msomeshe rafiki yako sura ya kwanza ya Wagalatia, aisome polepole. Paulo yumo katika ugomvi. Wapinzani wake wanasema kwamba injili yake aliipata kwa wanadamu, naye anataka kuonyesha kwamba hakutegemea wakubwa wa Yerusalemu. Ingemfaa sana kusema kwamba hakuwahi kukutana nao. Badala yake anakiri kwamba miaka mitatu baadaye alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa, yaani Petro, siku 15, na kwamba katika mitume wengine alimwona Yakobo tu, ndugu yake Bwana. Kisha anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo. Yeyote aliyewahi kukaa katika baraza la ardhi la kata anajua kwamba neno ambalo mdai analisema dhidi ya maslahi yake huwa na uzito kuliko maneno mia anayojisifia. Paulo alimjua ndugu wa Yesu, katika miaka ya 30 ya karne ya kwanza. Mtu wa hadithi tupu hana ndugu wa kukutana naye Yerusalemu.

Ndugu huyohuyo anatajwa na Josephus, mwanahistoria Myahudi ambaye hakuwa Mkristo, katika kitabu alichokimaliza mwaka 93 au 94, anapoeleza jinsi kuhani mkuu Anano alivyosababisha Yakobo, ndugu yake Yesu aitwaye Kristo, apigwe mawe mwaka 62. Ipo sehemu nyingine ya Josephus inayomsifu Yesu kwa maneno ya Kikristo kabisa; hiyo usiitumie kama ilivyo, kwa maana wataalamu wengi wanakubaliana kwamba mikono ya Wakristo iliiongezea maneno. Tacitus, Mrumi aliyewachukia Wakristo, aliandika karibu mwaka 116 kwamba jina lao lilitoka kwa Kristo, aliyeuawa na Pontio Pilato wakati wa utawala wa Tiberio. Ndiyo maana hata Bart Ehrman, mtaalamu wa Marekani aliyeiacha imani na ambaye vitabu vyake huwaudhi Wakristo wengi, alichapisha kitabu kizima mwaka 2012 kutetea kwamba Yesu aliishi.

Horus na Mithra hawatatuchukua muda. Katika masimulizi ya Kirumi Mithra anatokea mwambani, akiwa tayari kijana, na mabaki ya ibada yake katika dola ya Kirumi yanaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya kwanza, wakati nyaraka za Paulo zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Horus katika masimulizi ya Misri ana baba, Osiris, na mama, Isis. Mwombe rafiki yako akuonyeshe maandishi ya kale yanayosema yale aliyoyasikia kwenye video, wala usikubali picha yenye maneno yaliyoandikwa juu yake.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mhariri. Mimi ni mwinjilisti katika mtaa mmoja wa Mvumi. Kijana mmoja wa darasa la kipaimara ameniuliza kwa nini mwisho wa Injili ya Marko, kuanzia sura ya 16 aya ya 9, umewekwa ndani ya mabano katika Biblia yake, na vivyo hivyo habari ya mwanamke aliyeshikwa katika uzinzi. Mzee mmoja wa kanisa amesema nisizungumze mambo hayo mbele ya watoto. Nifanye nini?

JIBU: Amina, Mwinjilisti. Zungumza. Mabano hayo yaliwekwa na watafsiri waaminifu, watu wa Kanisa, ili msomaji ajue jambo ambalo nao walilijua, na kijana aliyeyaona kwa macho yake hatatulia kwa kunyamaziwa.

Kabla ya uchapaji, kila nakala ya Injili iliandikwa kwa mkono. Nakala za Kigiriki za Agano Jipya, nzima au vipande, zinazojulikana leo ni zaidi ya 5,000, na hakuna mbili ndefu zinazofanana neno kwa neno. Tofauti nyingi ni za tahajia au mpangilio wa maneno. Hizi mbili ulizoulizwa ndizo kubwa kuliko zote. Nakala mbili za karne ya 4 zinazoheshimiwa sana, ile ya Vatikano na ile iliyotoka katika monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya Mlima Sinai, zinaishia Marko 16:8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu. Eusebio naye aliandika kwamba nakala sahihi zaidi alizozijua ziliishia hapo. Lakini usiharakishe kusema kwamba aya 12 zilizobaki ni za juzi, kwa maana Ireneo, karibu mwaka 180, ananukuu aya ya 19 kama maneno ya Marko. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba ni nyongeza ya karne ya 2, iliyoandikwa na mtu aliyeona kwamba kitabu hakiwezi kuishia kwenye hofu. Kama Marko mwenyewe alikusudia kuishia pale, au kama ukurasa wa mwisho ulipotea, wataalamu bado wanabishana.

Habari ya yule mwanamke haimo katika nakala za mafunjo za Yohana zilizo za kale kuliko zote zinazofikia sehemu hiyo, na katika kundi moja la nakala za baadaye imewekwa katika Injili ya Luka, mwishoni mwa sura ya 21. Kisa kinachohamahama hivyo kwa kawaida ni kisa kilichokuwa kikisimuliwa na watu kabla ya kupata makao ndani ya kitabu. Augustino, askofu wa Hippo huko Algeria ya leo, alidhani kwamba wanaume fulani ndio waliokiondoa, wakiogopa kwamba wake zao wangekitumia kama ruhusa ya kutenda dhambi. Sioni kwamba alikuwa sahihi kuhusu nakala, ila unaona kwamba askofu wa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita alilijadili suala hili hadharani. Mweleze mzee wako wa kanisa hivyo, kwa heshima, ikiwezekana nyumbani kwake, si kikaoni.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Ninaishi Manyoni. Jirani yangu Mlokole huniambia kwamba sisi Wakatoliki tumeongeza vitabu saba katika Biblia. Je, ni kweli?

JIBU: Milele na milele, amina. Vitabu hivyo ni Tobiti, Yudithi, Wamakabayo viwili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, navyo ni vya Agano la Kale. Vilikuwamo katika tafsiri ya Kigiriki ya maandiko ya Wayahudi, ambayo ndiyo iliyotumiwa zaidi na Wakristo wa kwanza, lakini havimo katika orodha ya Kiebrania iliyoshikwa na marabi. Martin Luther, katika Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534, alivitenga mahali pake akisema vinafaa kusomwa bila kulingana na Maandiko. Mtaguso wa Trento ukavithibitisha mwaka 1546. Kwa hiyo kila upande una sababu ya kale, na neno kuongeza halielezi historia hiyo. Agano Jipya la jirani yako na lako ni lilelile, vitabu 27.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne hapa Mpwapwa. Mwanangu wa kwanza amerudi kutoka masomoni na kuniambia kwamba Ukristo ni dini ya Wazungu, kwamba waliileta na meli pamoja na bunduki. Mimi nimezaliwa katika imani hii, na baba yangu alikuwa mwinjilisti. Nimeumia. Je, hana hoja yoyote?

JIBU: Pole, mama. Anayo hoja kuhusu namna imani ilivyofika kwetu, na usimnyang'anye hiyo. Mpwapwa yako ilipata kituo cha wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza katika miaka ya 1870, na muongo mmoja baadaye Wajerumani wakaanza kuitawala nchi. Mambo hayo mawili yalikaribiana mno kiasi kwamba mtu akiyaona kama jambo moja hatumlaumu. Pengine ungemweleza pia kazi ya baba yako, kwa sababu vijiji vingi vya Ugogo vilifikiwa kwa miguu ya wainjilisti Wagogo, ambao majina yao hayamo vitabuni.

Lakini kuhusu asili yake, mwanao anakosea. Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya, na kabla watu wa Ulaya ya kaskazini hawajaisikia habari hiyo, vitabu vyake vilikuwa mikononi mwa Waafrika. Tarehe 17 Julai mwaka 180, huko Karthago, katika Tunisia ya leo, watu 12 wa mji mdogo ulioitwa Scillium, wanaume saba na wanawake watano, walisimamishwa mbele ya liwali Saturninus. Kumbukumbu ya kesi yao ndiyo maandishi ya kale kuliko yote ya Kikristo kwa Kilatini yenye tarehe ya hakika. Ni fupi, maswali na majibu matupu. Liwali anamwuliza msemaji wao, Speratus, ana nini katika kisanduku chake. Anajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Wanapewa siku 30 za kufikiri. Wanakataa, nao wanauawa. Ona, mama, kwamba watu hao wa mji ambao leo hata mahali ulipokuwa hapajulikani kwa hakika walikuwa tayari na nyaraka za Paulo, miaka isiyozidi 130 tangu ziandikwe.

Zaidi ya hapo, nakala nyingi za mafunjo za kale zaidi za Agano Jipya zimetoka Misri, kwa sababu mchanga mkavu huhifadhi kile ambacho mvua ingeozesha. Kijipande cha Injili ya Yohana kinachotunzwa Manchester, ambacho kinaingia kiganjani na ambacho wengi hukiweka katika karne ya 2, kilitoka huko. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, aliipokea imani katika karne ya 4, wakati mfalme wa Kent, wa kwanza kubatizwa kati ya wafalme wa Waingereza, alibatizwa baada ya wamisionari kutoka Roma kuwasili mwaka 597. Kitabu cha Henoko, ambacho Waraka wa Yuda unakinukuu, kimebaki kizima katika lugha ya Kige'ez peke yake. Bila Waethiopia tungekuwa na vipande tu.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana wa Kongwa, wa madhehebu mbalimbali. Tunataka kulisoma Agano Jipya kwa kufuata wakati lilipoandikwa. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na Wathesalonike wa Kwanza, sura tano fupi, mkitazama jinsi watu wale walivyohangaishwa na ndugu zao waliofariki kabla ya Bwana kurudi. Kisha Wagalatia na Wakorintho wa Kwanza, na sura ya 15 ya huo wa Wakorintho muisome kwa utulivu, kwa kuwa Paulo anasema kwamba orodha ya waliomwona Yesu ni mapokeo ambayo yeye mwenyewe aliyapokea kabla ya kuwafikishia. Malizieni nyaraka na Warumi, wa karibu mwaka 57. Hapo ndipo mwende kwa Marko, ambayo wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 70, wakati hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa, na mkiweza msome kwa sauti yote kwa siku moja. Baada ya Marko, fungueni Mathayo na Luka pamoja, kisa kwa kisa: mtakuta kwamba sehemu kubwa ya Marko imo ndani ya Mathayo, mara nyingi kwa maneno yaleyale, na Luka mwenyewe anakiri katika aya zake za kwanza kwamba wengine walikwisha kuandika kabla yake. Matendo yafuate Luka, kwa kuwa mwandishi ni mmoja. Yohana iacheni karibu na mwisho. Nyaraka ambazo wataalamu wanabishana kama Paulo mwenyewe ndiye aliyeziandika, hasa zile mbili kwa Timotheo na ule wa Tito, zisomeni baada ya Injili, mkiwa mmekwisha kuizoea sauti yake katika zile zisizobishaniwa, ili muweze kuamua wenyewe kama ni sauti ileile.